Ng'ombe ana uhakika wa hela yake, aliyempanda hana

Mara ya kwanza naingia Cowtown Coliseum, ukumbi wa rodeo, yale mashindano ya makauboi ya kupanda mafahali na farasi, pale Stockyards, Fort Worth, Texas, nilipelekwa na shemeji yangu ambaye anaishi upande wa Dallas miaka mingi na tiketi alinunua yeye, mi kichwani nilikuwa najisemea naenda kuona vituko vya wazungu na kofia zao, nipige picha mbili tatu nirudi zangu. Jengo lenyewe la zamani, la 1908, na si kubwa kivile, kwa hiyo ukikaa safu za chini unasikia kila kitu, mpaka geti la chuma linavyolia fahali akijibamiza.

Tulikuwa tumekaa karibu na vile vizimba wanamobanwa mafahali kabla ya kutolewa. Kuna kijana mmoja pale, sura ya mtu aliyemaliza form four juzi, kashuka taratibu juu ya mgongo wa dume jekundu, mwenzake anamvutia kamba kutoka juu, na yeye na glavu anaisugua ile kamba juu chini juu chini mpaka utomvu wa msonobari waliopaka uive na kunata, halafu akauzungushia mkono ndani ya kamba na kwa ngumi ya mkono wa pili akaanza kuvigonga vidole vyake mwenyewe ili vifunge. Dume likaegemea upande, mguu wake ukabanwa kati ya mbavu za ng'ombe na chuma. Hakupiga kelele. Alisukuma tu kwa goti, akasubiri, akatikisa kichwa, geti likafunguliwa. Nilihesabu moja, mbili, sikufika tatu. Jamaa yuko chini, anakimbilia uzio huku anachechemea, anarudi kuokota kofia.

Nikamuuliza shemeji, "Sasa huyu kalipwa shilingi ngapi?"

Akacheka. "Huyu? Huyu kalipa yeye."

"Na yule ng'ombe?"

"Ng'ombe kalipwa."

Nilidhani ni utani wa shemeji. Nimekuja kuifuatilia hii biashara baadaye, kumbe alikuwa ameimaliza yote kwa maneno mawili.

Maana wengi wetu tunaona klipu ya mtu anarushwa juu kama gunia tunadhani analipwa kwa kurushwa. Hapana. Kwenye rodeo za PRCA, ambacho ndo chama kikubwa cha rodeo Marekani, mpandaji anajiandikisha mwenyewe, kiingilio analipa mwenyewe, mafuta anajaza mwenyewe, analala kwa hela yake au analala kwenye gari, na ile zawadi wanayoigombea sehemu yake ni hivyo hivyo viingilio vyao vimekusanywa pamoja vikaongezewa hela ya waandaaji na wadhamini. Ni kama kucheza upatu, ila zamu ya kupokea anapanga ng'ombe.

Na masharti yenyewe sasa. Sekunde 8. Mkono mmoja umeshika kamba, wa pili uko hewani na usimguse ng'ombe wala usijiguse wewe. Ukidumu sekunde 7 na nusu ukaanguka hujapata kitu, unaandikiwa sifuri sawa na aliyeanguka geti linafunguliwa. Ukidumu 8 ndo majaji wanakupa alama kati ya 100, na hapa ndo panapochekesha, nusu ya hizo alama ni zako na nusu ni za ng'ombe, alivyoruka, alivyozunguka, alivyopiga mateke. Kwa hiyo kura ikikupangia dume pole, ukakaa juu yake umetulia kama uko kwenye kochi la sebuleni, alama zinatoka ndogo na unaweza kurudi nyumbani bila senti huku hukuanguka. Yaani unamhitaji adui yako awe mkali ndo upate hela, na akiwa mkali sana hupati.

Hata wale wa juu kabisa duniani, wengi wao wanaanguka mara nyingi kuliko wanavyodumu. Boda wa Mbagala akipiga trip 10 ana nauli 10 mfukoni, hata kama jioni hesabu ya bosi itambana. Huyu tuseme kapiga trip 10, sita hazina nauli, na viingilio vya zote 10 alishatoa. Ndo maana kipindi cha kuzunguka tarehe 4 Julai wanakiita Krismasi ya makauboi, rodeo zinakuwa nyingi kwa wiki moja na vijana wanajazana watatu wanne kwenye gari moja, wanachangia mafuta, mmoja anaendesha usiku wengine wamelala, asubuhi wako jimbo lingine wanapanda, mchana wako barabarani tena. Hawazunguki kwa sababu wanapenda kuzunguka. Njia pekee ya kuiziba hasara ya jana ni kupanda leo.

Kuna hesabu moja niliipiga na simu nikabaki naiangalia. Guilherme Marchi, Mbrazili, bingwa wa dunia mwaka 2008 wa PBR, ligi ya kupanda mafahali peke yake, ndiye mtu wa kwanza kwenye ligi hiyo kufikisha safari 600 zilizokamilika, yaani mara 600 alidumu zile sekunde 8. Zidisha. Sekunde 4,800. Dakika 80. Mtu katumia ujana wake wote, kapanda mpaka kaweka rekodi, na kazi inayolipwa ukiijumlisha yote haifiki hata mwisho wa mechi moja ya mpira. Mechi bado ina dakika 10 na za nyongeza. Zile nyingine zote, za kuanguka, za barabarani, za kitandani kwa daktari, hazihesabiki popote.

Najua kuna atakayesema mbona kuna mamilionea humo. Wapo, na siwafichi. J.B. Mauney wa North Carolina, bingwa 2013 na 2015, kapata zaidi ya dola milioni 7 za zawadi kwenye maisha yake ya upandaji, na bingwa wa dunia wa PBR huwa anachukua bonasi ya dola milioni 1 kwa mpigo. Upande wa PRCA, fainali yao ya Las Vegas kila Desemba ina raundi 10 na miaka ya karibuni kushinda raundi moja tu ni zaidi ya dola 30,000. Ila ili ufike huko lazima uwe kwenye 15 bora wa mwaka, na ule msimamo unapangwa kwa dola ulizoingiza, kwa hiyo mwenye hela ya kuzunguka rodeo nyingi ndo mwenye nafasi ya kuingiza hela. Maskini wa mafuta anabaki maskini wa msimamo. Na hata ukifika, Stetson Wright wa Utah mwaka 2022 aliingiza zaidi ya dola 900,000 kwa msimu mmoja, akichanganya mafahali na farasi, kila mtu anasema huyu mtoto kashatoka kimaisha, Desemba 2023 msuli wa nyuma ya paja ukachanika akiwa kwenye fainali, akakaa nje zaidi ya mwaka mzima. Hawa watu hawajaajiriwa, wanajitegemea, kwa hiyo hakuna mshahara wa ugonjwa. Hujapanda, hujala.

Sasa twende kwa mwenye kazi ya uhakika.

Fahali wa rodeo analetwa na mfugaji, na mfugaji analipwa kwa kumleta. Ng'ombe akitoka getini akamwangusha mtu kwa sekunde 2, hela ya mwenye ng'ombe ipo. Akipandwa zile 8, hela bado ipo. Na kadiri anavyoangusha ndo jina lake linavyopanda bei, maana hawa madume wana rejista yao ya vinasaba, ABBI, kila mmoja baba yake na mama yake wanajulikana kwa DNA, na mbegu zao zinauzwa kwenye mirija kama zinavyouzwa za ng'ombe wa maziwa kule kwetu. Akiwa bado mdogo, wa miaka miwili, hapandwi na mtu kabisa, anafungiwa kiboksi mgongoni kinachofunguliwa kwa rimoti, anashindanishwa kwa kuruka sekunde chache tu, na zawadi inaenda kwa mwenye ng'ombe. Ukitaka kujua hii biashara iko wapi angalia majina. Dume lililokuwa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2016 mpaka 2018, linatoka kwa akina Page, D&H Cattle wa Ardmore, Oklahoma, linaitwa SweetPro's Bruiser. SweetPro ni kampuni ya chakula cha mifugo. Ng'ombe ana mdhamini mpaka kwenye jina lake, halafu kuna kijana kwenye kizimba anatafuta duka la matairi la mjini kwao lishone nembo kwenye fulana yake.

(Na kabla hujaniandikia kwamba wanamfunga ng'ombe kende ndo anaruka vile, si kweli, ile kamba inapita kiunoni mbele ya miguu ya nyuma. Wanaruka kwa sababu wamezalishwa waruke, kama kuku wa kuchi anavyozaliwa na ugomvi wake. Na ule msemo wetu wa mafahali wawili zizi moja, nyuma ya Coliseum mle wamewekwa kibao zizi moja wanatafuna majani, hawana habari.)

Mfano ambao unaonyesha haya yote ni wa Bodacious. Dume la rangi ya manjano, karibu kilo 850, kazi yake ilikuwa kuinua kichwa ghafla wakati mpandaji anainama mbele. Oktoba 1995 huko Las Vegas alimpiga Tuff Hedeman usoni, na Hedeman huyu si mtu wa mchezo, ni bingwa wa dunia mara kadhaa na miaka miwili nyuma alishampanda huyo huyo Bodacious akapata alama 95. Mifupa ya uso ikasagika, wakamjenga upya kwa vyuma. Desemba hiyo hiyo, fainali za PRCA, kura ikampangia Hedeman huyo huyo Bodacious tena. Hedeman alikuwa ameshamuahidi mwanawe hampandi tena yule ng'ombe. Akashuka kizimbani, geti likafunguliwa, dume likatoka peke yake, yeye akalivulia kofia. Watu wanaikumbuka kama heshima, na ilikuwa heshima kweli, ila mi huwa naiona pia kama risiti: raundi ile kwake ilikuwa sifuri. Siku chache baadaye Bodacious akamvunja uso mtu mwingine na mwenye ng'ombe akasema basi, huyu ni hatari mno, anastaafu. Akaenda malishoni kutoa mbegu. Ng'ombe alistaafishwa kwa sababu anaumiza watu. Wale watu hakuna aliyewastaafisha kwa sababu wanaumizwa.

Kuhusu vifo sitakaa sana, ila lazima nivitaje maana ndo vimeleta kila kifaa unachokiona mwilini mwao. Julai 30, 1989, Cheyenne, Lane Frost, miaka 25, alikuwa ameshamaliza safari yake, kadumu, kashuka, ng'ombe akamgeukia akampiga pembe mgongoni mbavu zikavunjika ndani. Rafiki yake Cody Lambert ndo akabuni ile fulana ngumu wanayovaa wote leo. Januari 15, 2019, Denver, Mason Lowe, naye miaka 25, ng'ombe akamkanyaga kifuani, na fulana alikuwa ameivaa. Agosti 2021, Fresno, Amadeu Campos Silva, Mbrazili wa miaka 22. Helmeti nazo zimekuja kwa mlango wa nyuma, PBR ilianza 2013 kuzilazimisha kwa waliozaliwa kuanzia Oktoba 15, 1994, wazee wakaachiwa wachague wenyewe na wengi wakachagua kofia ya kauboi. Ndo mambo ya kiume hayo.

Halafu kuna yasiyoonekana kwenye klipu. Ty Pozzobon, Mkanada, kijana aliyefika mpaka fainali za dunia, alijitoa uhai Januari 2017 akiwa na miaka 25, na ubongo wake ulipochunguzwa ukakutwa na ule ugonjwa wanaoupata mabondia na wachezaji wa mpira wa Kimarekani, wa kichwa kupigwapigwa miaka nenda rudi. Alikuwa mpanda fahali wa kwanza kuthibitika nao. Sasa fikiria mtu ambaye kichwa kimetikisika Ijumaa, daktari anamwambia pumzika wiki tatu, na kiingilio cha Jumamosi kashalipa. Usiniambie ni suala la ujasiri hilo. Ni suala la kodi ya nyumba.

Misaada ipo, niwe mkweli. Kwenye rodeo kubwa unawakuta madaktari wa Justin Sportsmedicine wanawafunga bendeji bila kuwatoza, na kuna mifuko kama Justin Cowboy Crisis Fund inayosaidia familia mtu akiumia. Kizuri sana. Lakini mfuko wa msaada ni mchango wa harambee uliopangwa vizuri, mgonjwa anashukuru, halafu mwezi wa sita watu wamechoka kuchangia na yeye bado hajatembea.

Wabrazili wameikubali hii bei kuliko mtu yeyote. Kuanzia 2018 mpaka 2025 ubingwa wa PBR umeenda Brazil mara sita kati ya nane, José Vitor Leme peke yake kachukua mara tatu, na huyo kabla ya hapo alikuwa anacheza mpira wa miguu. Wanakuzwa na rodeo za kwao, kubwa ni ile ya Barretos kila Agosti, uwanja uliochorwa na Oscar Niemeyer yule yule aliyejenga Brasília, halafu wanakuja kupanga Decatur, Texas, wanaishi jirani jirani, wanafundishana na kupikiana. Mtu anayehesabu dola moja kwa reali za kwao anaona hatari ile ile kwa bei nyingine kabisa. Sisi wenye ndugu Ughaibuni hatuhitaji kufafanuliwa hapo.

Kinachoniuma zaidi ni historia ya hii PBR yenyewe. Mwaka 1992 wapandaji 20, akina Hedeman na Lambert na wenzao, walikutana kwenye chumba cha hoteli Scottsdale, Arizona, kila mmoja akatoa dola 1,000, wakasema tumechoka kuwa kipande cha mwisho cha onyesho la watu wengine, watu wanakuja kutuangalia sisi na sisi ndo tunalipwa makombo. Wakaanzisha ligi yao. Wapandaji ndo wenye mali! Na ikafanya kazi, zawadi zikapanda, televisheni ikaja. Kisha 2007 wawekezaji wakachukua sehemu kubwa, 2015 ikauzwa kwa kampuni ya burudani WME-IMG, na 2025 ikaingia mikononi mwa TKO, kampuni ile ile inayomiliki UFC na WWE. Waanzilishi waliobaki na hisa zao walivuna, na mi siwalaumu, nani angekataa. Ila kijana anayepanda leo hana hisa hata moja kwenye kitu kilichoanzishwa ili mpandaji awe na hisa.

Mwaka 2022 walileta ligi ya timu, zikaanza 8 sasa ziko 10, na humo mpandaji anasaini mkataba na timu, anakuwa na kocha, anakuwa na hela anayojua itaingia. Nimewasikia wazee wa kofia wanalalamika eti mpanda fahali mwenye mshahara kalainika. Mi naona ndo jambo la maana zaidi limefanyika tangu ile fulana ya Lambert, na kasoro yake ni moja tu, nafasi ni chache mno, na yule mtoto wa Cowtown hayumo. Hoja yangu si ngumu. Kama mwenye ng'ombe analipwa kwa ng'ombe wake kutoka getini, basi na aliye juu ya huyo ng'ombe alipwe kitu kwa kutoka getini, hata kama ni cha mafuta tu, zawadi ibaki kwa aliyedumu. Wanaoendesha hizi rodeo watasema hakuna hela. Ya ng'ombe inatoka wapi?

Na wapandaji wenyewe wameshaielewa hesabu hii zamani, angalia tu wanakoishia. Jerome Davis, bingwa wa PRCA 1995, Machi 1998 hapo hapo Fort Worth alianguka na kichwa, akapooza kuanzia kifuani. Akarudi kwao North Carolina, akawa mfugaji wa mafahali ya rodeo, na akawa kocha wa timu ya Carolina Cowboys akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mauney naye, yule wa milioni 7, Septemba 2023 huko Lewiston, Idaho, dume linaitwa Arctic Assassin likamrusha akatua na kichwa, shingo ikavunjika, upandaji ukaisha palepale akiwa na miaka 36. Ng'ombe hakuchinjwa. Yuko Stephenville, Texas, kwenye shamba la Mauney mwenyewe, anakula majani yake.